Ukienda kula Idjwi, agiza jana yake

Mtu wa Bukavu akipata siku mbili za kupumzika na pesa ya boti, mara nyingi mawazo yake huenda Idjwi. Kisiwa kiko katikati ya ziwa Kivu, upande wa Kongo, kati yetu na Goma, na miongoni mwa visiwa vya ziwani barani Afrika kinatajwa kuwa cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe. Huko kuna utulivu ambao sisi wa mjini tumeusahau. Hakuna msongamano kama wa Nyawera hapa Bukavu, hakuna honi, mananasi yanauzwa njiani, na usiku mtu analala usingizi wa kweli. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipeleka watu huko. Si kazi yangu ya kila siku, ila nina marafiki kisiwani, basi ndugu wakija kutoka Lubumbashi au Kinshasa, kwaya ikitaka kutembea, wenzangu wa kazini wakitaka kubadilisha hewa, wananitafuta mimi.

Wakirudi, hawalalamikii malazi wala boti. Wanalalamikia chakula. Kilichelewa. Samaki hakuwepo. Orodha ya vyakula ilikuwa ndefu, lakini sahani zote zikatoka za aina moja. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi hata nikaanza kukaa jikoni na akina mama wanaopika, nikiangalia wanachofanya tangu mgeni anapoketi hadi sahani inapomfikia. Niliyoyaona huko yamenifanya nisimame upande wao. Naandika kwa sababu najua kwamba mtu akiielewa kazi yao anaweza kula Idjwi chakula ambacho hoteli nyingi za mjini hazimpi.

Tuanze na kuchelewa. Ukiingia kwenye malewa, vile vibanda vya chakula vya mjini, saa sita na nusu, sahani inakuja mikono haijakauka. Sufuria za maharage, sombe (majani ya muhogo) na nyama zimekaa motoni tangu asubuhi, kwa sababu mama anajua kwa hakika kwamba madereva, wanafunzi na watu wa ofisini watakuja. Mwenzake wa Idjwi hana hakika hiyo. Jumamosi hii wanaweza kuja wageni kumi na watano, Jumamosi inayofuata asije hata mmoja. Umeme wa nyaya kama wa mjini hana. Kuna sola kwa ajili ya taa na simu, na jenereta kwa mwenye uwezo wa kununua mafuta. Friji ya kuhifadhi nyama siku tatu ni ya wachache. Akijaza sufuria bila kujua nani atakuja, chakula kitalala, na hasara hiyo itatoka kwenye karo ya watoto. Kwa hiyo anaanza kupika anapokuona. Wewe unahesabu muda tangu ulipoketi. Yeye bado anatafuta makala, yaani makaa ya kupikia.

Kaka yangu wa Lubumbashi, mtoto wa baba mkubwa, alifika huko na familia yake mchana wa kiangazi, njaa imewashika. Yeye mwenyewe ndiye aliyezungumza na mama wa jikoni.

"Mama, tunaomba kuku na friti, tuko watu sita."

"Kuku iko, papa. Ile pale, ingali inatembea."

"Itachukua muda gani?"

"Munataka kula saa ngapi?"

"Saa hii hii."

"Basi kuku haitawezekana. Kuku ni ya saa kumi. Saa hii kuko maharage na bitoke, na sambaza za asubuhi. Mungenituma neno jana, mungeikuta kuku iko juu ya meza."

Kaka hakutaka bitoke, zile ndizi za kupika, wala sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Akashikilia kuku. Nilikuwepo, na niliona kazi yote. Vijana walimkimbiza kuku nyuma ya nyumba. Alichinjwa, akachovywa maji ya moto, akanyonyolewa. Kuku wa kienyeji aliyekua akitembea mlimani ana nyama ngumu, lazima achemke muda mrefu kabla ya kuingia kwenye mafuta, la sivyo meno hayamwezi. Mtoto mmoja alitumwa senta kutafuta viazi, mwingine mafuta. Sahani zilifika saa kumi na moja kasoro. Kuku alikuwa mtamu sana, hilo kila mtu alilisema. Lakini upepo ulikuwa umeshaamka na mawimbi yalionekana toka barazani. Nahodha wetu akakataa kuondoka. Tulilala kisiwani, tukarudi alfajiri, na mimi nilimshukuru mbele ya wote.

Ndiyo maana ninaowapeleka ninawaambia kwamba anayepanga saa ya kula Idjwi ni boti. Asubuhi ziwa Kivu mara nyingi limetulia. Alasiri, hasa miezi ya kiangazi, upepo unavuma na mawimbi yanasimama. Ukitaka kurudi siku hiyohiyo, chakula kiwe kimeisha saa saba, na hilo haliwezekani kama umeagiza saa sita. Hapa Kivu hatuwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi. Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku huko Goma, watu wa nchi kavu wakiwaona, na makumi walikufa. Sahani ya kuku isimsukume mtu kupanda boti ambayo nahodha wake anasitasita.

Jambo jingine ni mwezi wa angani, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijampata mgeni anayelijua kabla hajaambiwa.

Samaki anayelisha Kivu ni sambaza, yule mdogo wa rangi ya fedha, urefu wa kidole. Mababu zetu hawakumjua. Aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea humo. Akazoea, akazaana, na leo huwezi kuingia soko la Bukavu bila kukutana na beseni lake. Kaka alipomwona alisema huyu ni kapenta, na hakukosea. Kapenta wa ziwa Kariba ni samaki yuleyule. Naye alitolewa Tanganyika, akapelekwa huko mwaka 1967 na 1968.

Sambaza huvuliwa usiku. Jioni utaona wavuvi wakitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu umening'inia katikati, taa zimetangulia juu ya maji. Wanapiga kasia wakiimba, na sauti zao zinafika nchi kavu muda mrefu baada ya wao kutoweka machoni. Giza likiingia, vijidudu vya majini hupanda kutoka chini, sambaza huvifuata, na mwanga wa taa huwakusanya juu ya wavu. Lakini mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima. Taa ya mvuvi haina nguvu tena, samaki hawakusanyiki. Siku hizo wavuvi wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu, na beseni la sambaza linapanda bei au linakosekana kabisa.

Sasa fikiria mgeni anayefika Idjwi wiki ya mbalamwezi, anakuta neno "sambaza" limeandikwa kwenye orodha, anaagiza, anaambiwa hakuna. Anakasirika kwamba anadanganywa. Hakuna aliyemdanganya. Orodha iliandikwa mara moja kwa mwaka mzima, na ziwa lina ratiba yake. Kuna mama mmoja kusini mwa kisiwa, ambaye kwake ndiko ninakopenda kula kuliko mahali popote pengine kisiwani, nikimpigia simu hanijibu mpaka ahesabu siku za mwezi. Wakati mmoja aliniambia, "Yaya, usilete watu wiki hii, mwezi iko mukubwa. Watakula makavu, kisha watasema sijui kupika. Leta wiki ya giza." Aliacha pesa ya wageni wanane ili jina lake lisiharibike. Tangu siku hiyo sichagui tarehe ya safari bila kuangalia kalenda ya mwezi.

Na katika wiki ya giza, nenda uone sambaza wanapofika. Mitumbwi inarudi alfajiri. Sambaza mzuri ana jicho angavu, tumbo halijapasuka, na harufu yake ni ya ziwa tu. Kufikia saa nne jua limeanza kumlegeza, na saa sita tumbo limefunguka. Kwa hiyo chakula cha sambaza wabichi ni cha asubuhi au mchana wa mapema. Mama niliyemtaja huwaosha maji matatu, huwatandaza kwenye ungo wapungue maji, kisha chumvi. Wengine huwapaka unga. Yeye hapaki. Mafuta yawe moto sana, na awaingize kidogokidogo, maana ukimimina ungo wote kwa pamoja mafuta yanapoa na samaki wanalainika, wanashikana. Wanatoka wakavu, wanavunjika mdomoni, unakula na kichwa na mkia. Ndimu, pilipili mbichi iliyopondwa na chumvi, bugali ya muhogo iliyochanganywa na unga wa mahindi. Nimekula samaki wakubwa mezani penye vitambaa vyeupe huku mjini, kando ya ziwa hilohilo, na sijawahi kupata kinachofikia sahani hiyo ya bati.

Mbalamwezi nayo ina chakula chake. Kuna sambaza wakavu, waliotandazwa juani siku za giza. Kuna tilapia, ambaye hanaswi kwa taa bali kwa nyavu za kando karibu na ufuo, kwa hiyo hategemei mwezi kwa kiasi hicho. Ila tilapia ni wachache na wageni wote wanamtaka, basi ndiye wa kwanza kuisha. Ukimtaka, mlipie mapema, mvuvi aambiwe jina la anayemngojea.

Sombe watu wengi hawaiagizi wakiwa kisiwani, wanasema wanaila nyumbani kila siku. Wanakosa. Idjwi majani ya muhogo yanachumwa nyuma ya jiko, machanga, yanatwangwa hapohapo kwenye kinu, yanapikwa kwa mawese, vitunguu, nyanya chungu, na sambaza wakavu wakitupwa ndani mwishoni. Lakini usimharakishe mtu anayepika sombe. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, na kinachoiondoa ni kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu. Mpishi anayekuletea sombe baada ya nusu saa, aidha aliipika jana, ambalo si baya, sombe iliyolala ina utamu wake, au ameipika vibaya, na hiyo usiile. Muulize bila aibu: "Mama, hii ni ya leo ao ya jana?" Atakuambia.

Nyama ya mbuzi nitaipita haraka. Ukiipata siku ya soko, ile kwa furaha, kwa sababu mbuzi amechinjwa asubuhi na unaona alipotundikwa. Siku nyingine yoyote, uliza amechinjwa lini. Siku ya soko ni nzuri pia kwa jambo jingine: sufuria zinakuwa zimejaa tangu asubuhi kwa ajili ya wachuuzi na wasafiri wa boti, na mgeni asiyeagiza kitu anaweza kuketi kwenye benchi lilelile na kula mara moja. Maharage, bitoke, mchicha wa lenga-lenga, kipande cha samaki. Wageni wangu wengi wanaogopa mabenchi hayo, wanatafuta penye baraza na viti vya plastiki. Mimi ninatazama wapi mabaharia wanakula, maana wao hula hapo kila wiki na hawana sababu ya kuvumilia chakula kibaya.

Juu ya zile nyumba za wageni zenye baraza na mandhari ya ziwa, nina neno moja la haki. Chakula chake kinaweza kuwa kizuri sana, kwa sharti lilelile la kuagiza. Niliwahi kuketi katika moja yenye orodha ya vyakula ya kurasa tatu, pamoja na nyama ya ng'ombe kwa mchuzi wa uyoga. Watu wangu waliagiza kila mtu chake, sahani sita tofauti. Kijana aliyetuhudumia aliandika yote kwa adabu, akaenda, akarudi baada ya dakika ishirini kusema cha kwanza hakipo, akaenda tena, akarudi kusema cha pili hakipo. Hakufundishwa kusema mapema. Aliona ni utovu wa heshima kumwambia mgeni "hakuna". Tukapoteza saa nzima kwa heshima hiyo. Sasa nikifika mahali kama hapo nafunga orodha, nasalimia, naomba kuingia jikoni au kuzungumza na anayepika, na swali langu linakuwa: "Leo kuko nini?" Hapo uso wa mpishi hubadilika. Anaacha kujitetea, anaanza kukushauri. Na sisi sote tunakula kitu kimoja au viwili, sufuria moja kubwa, ambayo inaiva haraka kuliko sahani sita ndogo juu ya majiko mawili ya makala.

Salamu nisiipite. Wako watu wa mjini wanaoingia na kuita "We, dada!" kwa mama wa umri wa mama yao. Kisiwani watu wanajuana, na neno moja la namna hiyo linafika jikoni kabla yako. Keti, salimia, uliza habari za nyumbani na za ziwa, kisha chakula. Haichukui dakika tano.

Pesa ndiyo inayoharibu zaidi. Bei haijaandikwa ukutani, na hata ikiandikwa, ni ya mwezi fulani uliopita, kwa sababu mafuta, sukari, unga na soda vinavuka ziwa, na nauli ikipanda navyo vinapanda. Kwa hiyo elewana bei kabla moto haujawashwa: watu wangapi, samaki wangapi, bugali ikiisha nyingine inalipiwa au hailipiwi, soda ni bei gani. Nimemwona mtu mzima, msomi, akianza kupunguza bei baada ya kula, mifupa ikiwa mezani. Mama yule alinyamaza, akapokea alichopewa. Niliona aibu kubwa, nikamfuata jikoni kumalizia. Kubishana bei ni haki ya kila mnunuzi, lakini haki hiyo inaisha unapotia tonge la kwanza mdomoni. Wazee wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa namna hiyo anamwacha mwenyeji na deni la mafuta dukani.

Beba faranga, tena noti ndogo. Dola ishirini kwa chakula cha dola kumi na mbili inamaanisha mtoto atazunguka kijiji kizima kutafuta chenji, na wewe utasema wanakuchelewesha makusudi. Dola yenye mchaniko kidogo tu hakuna atakayeipokea, hapa kwetu kila mtu anajua, lakini ndugu wanaotoka nje wanasahau. Avansi, yaani malipo ya awali, naituma kwa simu siku moja kabla, Airtel Money au M-Pesa, kutegemea mtandao upi unashika upande ule. Bila avansi, kuagiza ni maneno matupu. Mama ameshachomwa mara nyingi na watu waliosema tunakuja ishirini, akanunua samaki wa watu ishirini, wakaja wanne au wasije kabisa. Nusu ya bei inamtosha kwenda ufukweni alfajiri bila wasiwasi.

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mambo ya pesa yamekuwa magumu zaidi. Safari za ziwani zilisimama kwa muda, benki zilifunga milango, pesa taslimu ikawa adimu, na noti zinazozunguka mikononi zimechakaa. Watu wa kupumzika walipungua, na wale akina mama walibaki na sufuria zao. Naandika haya nikiwafikiria wao. Wengine walirudi shambani, mmoja alianza kukausha samaki na kumtuma mjini. Anayepata nafasi ya kwenda sasa, aulize kwanza hali ya boti na ya njia, na akifika, asidai mambo yawe kama ya mwaka 2019, kabla ya shida hizi.

Kuhusu maji nitasema wazi, kwa sababu afya haina mzaha. Kipindupindu hakijawahi kutuacha kabisa sisi wa kandokando ya Kivu. Kunywa maji ya chupa au yaliyochemshwa, na uliza yalichemshwa lini. Kula kilichotoka motoni. Saladi iliyooshwa kwa maji ya ziwa iache. Nanasi nunua zima, uombe kisu, ulimenye mwenyewe. Na nanasi la Idjwi lina sukari kiasi kwamba vidole vinagandana, kwa hiyo acha nafasi tumboni.

Kwa kasiksi vilevile. Ni pombe ya ndizi, ndizi zimeivishwa shimoni, zimekamuliwa kwa majani, maji yake yakachanganywa na mtama uliokaangwa na kuachwa yachache. Kilichotengenezwa na mtu mwangalifu ni kinywaji cha heshima, chenye uchachu mzuri na moshi kidogo. Lakini wengine huongeza maji ili kiwe kingi, na hujui maji hayo yametoka wapi. Kunywa kwa mtu ambaye mwenyeji wako anamwamini. Siku hizi si kila mahali utakipata, kwa sababu mnyauko wa migomba umeharibu mashamba mengi ya Kivu, mti mzima unakauka na ndizi zinaoza ndani kabla hazijakomaa.

Kilichonisumbua kwa muda mrefu kuliko vyote ni kahawa. Idjwi inalima kahawa ya arabika inayosafirishwa hadi Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi wakulima waliipakia kwenye mitumbwi usiku kuivusha Rwanda kwa magendo, kwa kuwa upande wetu bei ilikuwa duni, na wengi walizama ziwani na magunia yao. Baadaye vyama vya ushirika vilijenga vituo vya kuosha kahawa, na wanunuzi wa mbali wakaanza kuitafuta kwa jina la kisiwa. Lakini uketi kwenye baraza, mibuni iko mita hamsini kutoka meza yako, uombe kahawa, ukaletewa pakiti ya unga wa kahawa ya kiwandani na maji ya moto. Kila mara iliniuma. Mkulima anauza punje, hana desturi ya kuikaanga, na mama wa jikoni anaona kahawa ya pakiti ndiyo ya wageni.

Nilimwambia mama wa kusini, yule wa kalenda ya mwezi, kwamba watu wangu wangelipia kahawa yake mwenyewe kuliko ile ya pakiti. Hakuamini. Siku moja akakaanga kidogo kwenye sufuria ya chuma, akaitwanga kwenye kinu kilekile cha sombe baada ya kukiosha sana, akaichemsha na kuichuja kwa kitambaa. Kikombe cha kwanza kilikuwa na uchungu, alikuwa ameunguza. Cha wiki zilizofuata kilikuwa kizuri hata mzee mmoja wa kwaya yetu, mtu wa chai maisha yake yote, aliomba cha pili. Mama akaweka bei: kahawa na vipande viwili vya nanasi, bei moja. Sasa hivi ndicho kitu pekee anachoweza kumpa mgeni asiyeagiza jana, kwa sababu kahawa iliyokaangwa hailali wala haiozi. Boti iliyopita alinitumia ujumbe nimletee kutoka soko la Kadutu chupa za chai zile kubwa, za lita tatu, na kinu kipya cha kahawa peke yake.